Kuhamia altaneta katika gari la zamani: maana yake

Aliyewahi kusafiri usiku kutoka Tabora kwenda Sikonge ndani ya Land Rover ya miaka ya 1960 anakumbuka jinsi taa za mbele zilivyofifia kila dereva alipopunguza mwendo, zikarudi kung'aa alipokanyaga mafuta. Chanzo ni dainamo, mashine ya zamani ya kuzalisha umeme wa gari, ambayo injini ikinguruma taratibu haitoi umeme wa kutosha, na hata ikizunguka kwa kasi, ile ya Lucas C40 huishia karibu ampea 22. Kuhamia altaneta ni kuondoa dainamo hiyo, kufunga altaneta, mashine mpya zaidi ya kazi hiyo hiyo, mahali pake, na kupanga upya nyaya za chaji.

Kazi yenyewe hasa iko kwenye nyaya. Dainamo ilitumia nyaya mbili, D (wa umeme unaotoka) na F (wa koili ya sumaku), zilizokwenda kwenye katauti, yaani kidhibiti cha chaji. Altaneta nyingi zina katauti yake ndani, kwa hiyo ile ya zamani huachwa, na waya mnene hutoka B+, ncha kuu ya umeme ya altaneta, hadi kwenye betri. Waya wa zamani wa D usiaminiwe, kwani altaneta ya ampea 45 inaweza kuupasha moto hadi plastiki yake ilainike. Mimi huvuta waya mpya wa milimita za mraba 10.

Waya mwembamba wa taa ya chaji ndio unaodharauliwa, ilhali ndio unaoiamsha altaneta. Ufunguo ukiwashwa, umeme wa betri hupita kwenye taa ndogo ya chaji na kuingia kwenye koili ya rota, sehemu inayozunguka ndani ya altaneta, ambayo huwa sumaku dhaifu. Altaneta ikianza kuzalisha, volti za pande zote mbili za taa hulingana, nayo huzimika. Taa hiyo ikiungua, altaneta nzima inaweza kukataa kuchaji, na fundi asiyejua akanunua nyingine bure.

Kabla ya yote, angalia ni ncha ipi ya betri iliyofungwa kwenye bodi. Magari mengi ya Uingereza ya enzi hizo yalifungwa chanya kwenye bodi, na altaneta ya kawaida ikiunganishwa hivyo, dayodi zake, vipande vinavyopitisha umeme upande mmoja tu, huungua papo hapo.

Kazi ikiisha, pima betri injini ikizunguka: volti 13.8 hadi 14.4 zinatosha. Tafadhali usichomoe waya wa betri ili kuona kama injini itaendelea, kama ilivyozoeleka enzi za dainamo, kwa sababu volti hupanda ghafla na kuua dayodi ulizozifunga dakika chache tu zilizopita.