Kuchukua TIN si kuanza kudaiwa kodi

Pale Mwaloni Kirumba, soko la samaki jijini Mwanza, katikati ya magunia ya dagaa, hukosi kusikia: "Usichukue TIN, ukiichukua tu TRA wanaanza kukudai." Sivyo. TIN hutolewa bure na TRA, Mamlaka ya Mapato Tanzania, na ni namba ya utambulisho wa mlipakodi. Ukishaipata unapaswa kwenda kukadiriwa, kweli, lakini makadirio huangalia mauzo yako ya mwaka.

Kwa viwango vilivyowekwa 2019, mfanyabiashara binafsi ambaye mauzo yake hayazidi shilingi 4,000,000 kwa mwaka, kodi yake ya mapato ni sifuri. Kati ya hapo na 7,000,000 ndipo daftari linapoleta tofauti. Chukua mama wa dagaa aliyeuza 5,000,000. Hana kumbukumbu? Analipa 100,000. Anaandika kila gunia lililotoka? Asilimia 3 ya ile milioni iliyozidi, yaani 30,000. Kijidaftari kimemwokolea elfu sabini.

Hesabu ni ya mauzo, si ya faida. Hapo wanaolalamika nawaelewa, maana dagaa wakinyeshewa kwenye chanja hasara ni yako peke yako.

Leseni ya biashara ni habari nyingine: hiyo unaifuata halmashauri, si TRA.