Mudang na Mchungaji

Wanafunzi wakiniuliza Ukristo uliingiaje katika fasihi ya Korea, naanza na hadithi fupi ya Kim Dong-ri, "Munyeodo". Ilitoka mwaka 1936, lakini mimi huwasomesha toleo ambalo mwandishi alilirekebisha baadaye. Mohwa ni mudang, mwanamke anayepandisha mizimu na kuwapunga watu pepo, karibu na mji wa Gyeongju. Mwanawe Ugi anarudi nyumbani baada ya miaka mingi, ameokoka, ana Agano Jipya mkononi. Machoni pa mama, kijana kaingiwa na pepo aitwaye Yesu. Usiku mmoja mama anakichoma moto kile kitabu. Mwana anapokimbilia kukiokoa, anachomwa kisu, na jeraha hilo linamuua. Mwishowe Mohwa naye anazama majini katikati ya ngoma yake.

Kwa miaka mingi niliisoma hivyo: mudang kashindwa, kanisa limebaki. Riwaya ya Hwang Sok-yong, "Sonnim" (2001), ndiyo iliyonibadilisha.

Sonnim ni mgeni. Ndivyo pia Wakorea wa kale walivyouita ugonjwa wa ndui, kwa heshima na kwa hofu, maana ulitoka ng'ambo ukaingia bila kubisha hodi. Hwang anaona wageni wawili wa namna hiyo: Ukristo na Umaksi. Mauaji ya mwaka 1950 huko Sinchon, ndani ya Korea Kaskazini, serikali ya huko huwabebesha lawama wanajeshi wa Marekani. Hwang anasema kweli chungu zaidi: waliouana ni majirani, Wakristo na wakomunisti waliolelewa kijiji kimoja. Mchungaji Ryu Yosop, mkazi wa Marekani, anarudi huko na kipande cha mfupa wa kaka yake Yohan, aliyekuwa miongoni mwa wauaji. (Yusufu na Yohana hao, kwa matamshi ya Kikorea.) Njiani mizimu inamjia, ya waliouawa na ya waliowaua, na kila mmoja anasimulia yake.

Sasa tazama umbo la kitabu. Sura zake 12 zinafuata hatua 12 za chinogwi, ngoma ya mudang ya kuwasindikiza wafu wasiotulia. Yosop anasali kama mchungaji, na sala zake hazidharauliwi hata kidogo. Lakini wafu wanapata nafasi ya kusema ndani ya ngoma ya akina Mohwa, na ni humo mchungaji anapouzika mfupa wa kaka yake.