Mkanda "umeekspaya" vipi wakati picha zilishapigwa?

Wakuu, hili tulimalize leo. Haupiti mwezi bila mtu kunitumia picha ya kamera ya mtumba, mgongo wazi, mkanda umevutwa wote nje juani, na maelezo chini yake: "mkuu nimekuta mkanda humu ndani ila uliekspaya 1994 so nimeutoa tu". Umeutoa tu. Basi jua kwamba haukufa 1994, umekufa leo saa nne asubuhi na muuaji anajulikana.

Ile tarehe ya kwenye boksi inahusu mkanda ambao haujapigwa. Kiwanda kinakwambia ukiutunza vizuri na ukaupiga kabla ya hapo, rangi zitakaa sawa na ISO (wepesi wa mkanda kunasa mwanga) itakuwa ileile iliyoandikwa. Basi. Haisemi lolote kuhusu mkanda uliopigwa harusini 1991 ukasahaulika ndani ya kamera. Mwanga uliingia siku ile, mkanda ukiwa mzima, ukagonga zile punje za chumvi za fedha na kuacha alama, chembe chache mno za fedha ambazo hata kwa darubini ya kawaida huzioni. Kazi ya developa, ile dawa ya kusafishia mkanda, ni kuifuata punje yenye alama na kuigeuza yote kuwa fedha nyeusi. Sa swali siyo tarehe ilipita lini, swali ni alama ngapi zimebaki, na je, zile punje ambazo hazikuwahi kuona mwanga nazo zimeanza kujifanya ziliuona? Hiyo ya pili ndo tunaita fogi, na mimi naiogopa kuliko ya kwanza.

Na hapa ndo presha inapanda. Kuna kanuni inazunguka mitandaoni, "ongeza stopu moja kwa kila miaka kumi", yaani mwanga mara mbili kwa kila stopu. Kanuni siyo mbaya, hata mimi naitumia, lakini ni ya mtu mwenye mkanda wa zamani ambao BADO haujapigwa na anataka kwenda kuupiga kesho. Huyo anaongeza mwanga kwenye kamera ili picha ipande juu ya fogi, sawa kabisa. Sasa mtu ananiletea mkanda uliopigwa zamani halafu ananiambia "fundi una miaka thelathini huo, niongezee stopu tatu kwenye developa". Stopu tatu za nini ndugu yangu? Aliyepiga alishapiga, labda tulishamzika. Huwezi kurudi 1991 ukamwambia afungue lenzi zaidi. Ukiuacha mkanda kwenye developa muda mrefu eti unausaidia, developa haichagui, inapandisha picha na fogi kwa pamoja, na kwa kuwa picha iko sehemu tu ila fogi iko mkanda mzima, unatoka na negativu nyeusi tii ambayo hata skana inakataa. Halafu mtu huyohuyo anasema "si niliwaambia umeekspaya".

Mimi naenda kinyume chake. Developa iitwayo HC-110, nzito kuliko kawaida, ya baridi, muda mfupi, na benzotriazo kidogo ya kuizuia fogi. Kuna wenzangu wanabisha, wanasema benzotriazo inakula na picha hafifu ambazo ndo tunazitafuta, na kusema ukweli wana hoja. Nakata kipande kidogo cha mkanda nakijaribu kwanza, ila kipande chenyewe kinaweza kuwa ndo uso wa bibi arusi, kwa hiyo kila nikishika mkasi ni bahati nasibu. Muda sahihi wa mkanda uliokaa miaka mingi mahali usipopajua haupo kwenye jedwali lolote, tunakisia. Anayekwambia anaujua anauza kitu.

Kinachoua mkanda ni joto na unyevu, miaka inafuata nyuma. Na ISO kubwa inawahi kuchoka: mkanda wa 400 au 800 unajaa fogi kabla ya ule wa 100, kwa sababu punje zake ni kubwa na zinashtuka haraka, hata kwa mionzi ya kawaida iliyopo kila mahali duniani. Wa nyeusi na nyeupe unavumilia kuliko wa rangi. Nikiona Verichrome Pan ya Kodak (waliuza mpaka 2002) natabasamu kabla sijafungua tanki la kusafishia.

Wabishi huwa nawatupia ya Waswidi. Mwaka 1897 Andrée na wenzake wawili, Strindberg na Frænkel, waliondoka visiwa vya Svalbard, kaskazini ya Norwei, kwa puto la haidrojeni wakitaka kufika Ncha ya Kaskazini. Puto likaangukia kwenye barafu, wakatembea miezi, wakaishia kufa kisiwa cha Kvitøya. Kambi yao ikaonekana 1930, na kwenye vitu vyao kulikuwa na mikanda ya Strindberg. John Hertzberg pale Stockholm akaisafisha na kuokoa picha 93 kati ya 240. Miaka 33, mikanda imelowa, na puto limelala kwenye barafu unaliona kabisa na watu wamesimama pembeni yake.

Lakini usikimbilie kusema basi na wa babu utatoka. Ule ulikaa kwenye friji ya Mungu. Wa babu umekaa juu ya kabati Tanga, chini ya bati, Februari baada ya Februari. Ndo maana mara nyingi mkanda ninaoukuta kwenye kamera ya mtumba iliyotoka Ujerumani au Japani unatoka vizuri kuliko wa kamera ya familia ambayo haijawahi kuvuka mpaka wa nchi. Watu wanashangaa, mimi sishangai tena.

Kuangalia kama kuna mkanda hakuhitaji kufungua mgongo, jamani. Kwenye 35mm za kuzungusha kwa mkono, kile kishikio cha kurudishia mkanda juu kushoto kizungushe taratibu kufuata mshale. Kikigoma, kuna mkanda. Kikizunguka bure endelea kidogo maana mkanda uliolegea unadanganya. Ukishajua upo, bonyeza kitufe cha chini, rudisha polepole mpaka uhisi umeachia. Zile za mkanda wenye karatasi mgongoni, saizi za 120, 620, 127, nyingi zina kidirisha chekundu nyuma, ukiona namba usifungue, songesha mpaka karatasi yote ipite. Kamera ya betri iliyokufa, lete nzima hivyohivyo.

Na kama ulishafungua? Funga. Usivute! Hiki ndo kitu watu hawanielewi, wanadhani mwanga ukiingia sekunde moja mkanda wote umeungua kwa hiyo wanaamua kuuvuta waone kama kuna picha. Kwanza picha huwezi kuiona kwa macho, haijasafishwa. Pili, kwenye kamera ya kawaida picha zilizopigwa zimejiviringisha kwenye spuli ya kulia, ya kwanza iko ndani kabisa, za mwisho ziko juu. Mwanga wa sekunde mbili unakula za juu na kingo, za ndani zinajificha nyuma ya wenzake. Nimetoa picha nzuri tu kwenye mikanda ya hivyo. Halafu kuna kamera nyingi za Fuji zinazouvuta mkanda wote nje kwanza ukiuweka, kisha zinaurudisha kwenye kopo picha moja moja kadiri unavyopiga. Ukifungua hizo, unachounguza ni sehemu ambayo haijapigwa. Una bahati kuliko akili.

Rangi nazipitia haraka. Soma ubavuni pa kopo. C-41 ni mchakato wa kusafisha mkanda wa rangi uliopo tangu 1972 na bado unafanyika, ila ukiwa mzee sana mimi nausafisha kama nyeusi na nyeupe, rangi zake zinakuwa zimeshagombana. Sina uhakika kama kila mara nafanya sawa, inawezekana kuna rangi nimezizika zikiwa hai. Wa C-22, mchakato wa zamani kabla ya C-41, usiuweke kwenye C-41 kamwe, ule ulisafishwa kwenye nyuzi 24 hivi, ukiuingiza kwenye 38 tabaka la picha linaweza kulainika likabanduka. Kodachrome, mkanda wa slaidi wa Kodak, sahau rangi: maabara ya mwisho, Dwayne's Photo kule Parsons, Kansas, iliacha kupokea mwisho wa Desemba 2010, na rangi zenyewe hazikuwa ndani ya mkanda, ziliwekwa wakati wa kusafisha. Nyeusi na nyeupe inatoka, ukiwa na subira ya kufuta lile tabaka jeusi la mgongoni.

Kazi inayonitoa jasho kweli ni kuuingiza kwenye rili, ile spuli ya ndani ya tanki. Mkanda uliojikunja miaka thelathini haukubali kunyooka. Mikono iko kwenye mfuko mweusi, huoni kitu, unaingiza ncha, unasukuma vidole viwili, unaachia kidogo upumue na wenyewe unaruka nyuma unajiviringisha upya. Dar hii, dakika kumi tu ndani ya mfuko vidole vimelowa, na tabaka la picha likipata jasho linanata kwenye plastiki. Hapo natoa mikono, nafuta, naanza tena, na simu haipokelewi. Nakataa kabisa kuipitisha mikanda hii kwenye mashine ya studio, ikikatikia mle ndani imekwenda na ya wateja wengine.

Kuna jambo sijalimaliza moyoni: hawa ni watu ambao hawakuniruhusu kuwaona. Mara nyingi ni mbwa, gari jipya, watoto ufukweni. Mara nyingine siyo. Zile za faragha nampa aliyeleta mkanda bila kuweka kopi, na sipandishi sura ya mtu yeyote mtandaoni, hata mkiniomba.

Na kabla hamjauliza kwenye inboksi: ndiyo, usipotoka kitu unalipa vilevile. Kemikali naagiza nje, na maji ya bomba huku ni ya moto, barafu nanunua.