Muda wa viza si muda wa kukaa

"Nimepata viza ya Uingereza ya miaka miwili, basi nakwenda kukaa miaka miwili." Kauli hii naisikia kila msimu wa maombi ya vyuo, na majuzi nimeikuta hadi kwenye tangazo la wakala anayejiita mtaalamu wa safari za nje. Imetosha sasa.

Viza ni ruhusa ya kusafiri hadi kwenye mpaka wa nchi fulani na kuomba kuingia, ndani ya kipindi kilichoandikwa. Unapiga hodi, kukaribishwa na kuambiwa utakaa hadi lini ni kauli ya mwenye nyumba. Maana yake ni hiyo tu. Kinachowapoteza watu ni tarehe.

Tarehe ya mwisho ya viza inakuambia unaweza kuitumia kuingia hadi siku gani. Muda wa kukaa unaambiwa kwingine: pengine kwa mstari mwingine wa stika ya viza iliyobandikwa kwenye pasipoti, pengine kwa muhuri, pengine kwa rekodi ambayo huioni mpaka uitafute mtandaoni. Viza ya matembezi ya Uingereza inaweza kutolewa ya miaka miwili, mitano au hata kumi, lakini kila unapoingia huruhusiwi kupitisha miezi sita. Na usidhani utatoka leo kupunga upepo Paris na kurudi kesho uanze miezi sita mipya. Ofisa akiona kwamba kwa safari hizo za kufuatana umeifanya Uingereza kuwa makazi yako, anaweza kukuzuia, viza yako ikiwa bado ina mwaka mzima.

Marekani ni vilevile. (Nani anaruhusiwa kuomba viza yao, na kwa masharti gani, kumekuwa kukibadilika mno, hilo naliacha.) Siku zako za kukaa zinaandikwa na ofisa wa mpakani katika rekodi iitwayo I-94, ambayo kwa wanaofika kwa ndege imekuwa ya kielektroniki tangu 2013. Mtalii kwa kawaida hupewa miezi sita. Akiipitisha kwa sababu "viza bado haijaisha", viza hiyo inabatilika papo hapo, hata kama stika inang'aa kwenye pasipoti. Akizidisha zaidi ya siku 180 kisha akaondoka, anaweza kufungiwa kurudi kwa miaka mitatu. Akifikisha mwaka, kumi. Wako watu waliopigwa marufuku hiyo bila hata nia ya kuzamia. Walisoma tarehe isiyo yao.

Ila mkanganyiko ulio mtamu zaidi uko kwenye stika ya Schengen, yaani kundi la nchi za Ulaya zinazotumia viza moja, maana ina mambo matatu yaliyokaa jirani: kuanzia lini hadi lini, mara ngapi unaingia, na siku ngapi unakaa. Chukua stika inayosema kuanzia 1 Juni hadi 15 Julai, kuingia mara moja, siku 30. Watu wengi wanaiona 15 Julai na kukata tiketi ya kurudi 14 Julai. Aliyeingia 1 Juni siku zake zinakwisha 30 Juni, kwa sababu siku ya kufika inahesabiwa na ya kuondoka pia. Zile 15 za ziada ni nafasi ya kusogeza safari, ndege ikighairiwa au likizo ikichelewa kuidhinishwa. Na huko "kuingia mara moja" akikutumia kufika Ufaransa, akaenda London kumsalimu dada yake, kurudi Ufaransa hakuna, hata kama amekaa siku nne tu kati ya 30. Uingereza haimo Schengen.

Hata mwenye viza ya mwaka mzima ya kuingia mara nyingi anafungwa na kanuni ya siku 90 ndani ya kila siku 180. Hizo 180 hazianzi Januari wala siku uliyotua. Kila siku uliyoko huko, unahesabu kurudi nyuma siku 180 na kujumlisha ulizokuwa Schengen. Zamani ofisa alipekua mihuri akihesabu kwa vidole. Mfumo mpya wa kielektroniki ulioanza 12 Oktoba 2025 unaandika kuingia na kutoka kwako, na haukosei kujumlisha.

Hapa ndipo maandalizi ya nyaraka yanapoingia. Siku unazopewa kwa kawaida hufuata safari uliyoieleza mwenyewe. Barua ya mwaliko ikisema wiki sita, barua ya likizo ya mwajiri ikasema wiki tatu, na bima ya afya (ile isiyopungua euro 30,000) ikakatwa ya siku 21, usishangae ukipata siku chache kuliko ulizoziota. Au ukakosa kabisa.

Wanafunzi wao huchanganyikiwa kwa upande wa pili. Kijana amepata udahili wa shahada ya uzamili Ujerumani, miaka miwili, na stika inarudi na miezi michache tu. Familia inaanza kulia kwamba ubalozi umemdhulumu. Hajadhulumiwa. Viza ile ni ya kumfikisha na kumpa muda wa kuandikisha anwani yake, kisha kuomba kibali cha kukaa kwenye ofisi ya wageni ya mji anaoishi. Kibali hicho ndicho kitakachobeba masomo yake, na lazima akiombe kabla viza haijaisha. Miadi ya ofisi hizo katika miji mikubwa ni ya kugombania, kwa hiyo wiki ya kwanza ni ya barua pepe, picha za mitaani zitafuata.

Marekani nako, mwanafunzi ambaye viza yake imeisha akiwa darasani hajavunja sheria yoyote, ilimradi fomu yake ya I-20 (ile anayopewa na chuo kuonyesha amedahiliwa) iko hai, anasoma kama inavyotakiwa, na rekodi yake ya I-94 inamruhusu kuwepo. Shida itamkuta siku akitoka kuja kuzika au kuoa: hapo atahitaji viza nyingine ya kurudia.

Wala hili si ubaguzi wa Wazungu kwetu, kama baadhi ya watu wanavyopenda kusema. Viza ya Tanzania ya kuingia mara nyingi wanayopewa Wamarekani inadumu miezi 12, na kila wanapoingia hawaruhusiwi kuzidisha miezi mitatu. Tunawahesabia siku kama tunavyohesabiwa.

Kwa hiyo yule wa viza ya miaka miwili, hongera zake, ila aiseme hivi: "Naruhusiwa kwenda Uingereza mara kadhaa ndani ya miaka miwili, na kila safari isizidi miezi sita." Ni ndefu kidogo, najua. Na kama kazini kaomba likizo ya miaka miwili bila malipo, awahi kuirekebisha ile barua.