Je, wajua kwa nini kanga huuzwa kwa doti na kuandikwa maneno?

Ukiingia duka la kanga Kariakoo, Darajani au Mtaa wa Biashara kule Mombasa, muuzaji hakupimii mita. Anakuteremshia doti: kanga mbili zinazofanana rangi, nakshi na maneno, ambazo bado hazijatenganishwa. Ukiomba moja tu, mara nyingi atakataa, kwa kuwa itakayobaki haina mnunuzi. Wengi tumezoea hivyo tangu utotoni hata hatuulizi. Lakini ukichunguza kwa nini kanga ziwe mbili, kwa nini ziwe na pindo pande zote nne, na kwa nini maneno yakae pale yalipo, utaona kwamba nguo hii imepangwa kwa makini kuliko nyingi zilizoshonwa na fundi.

Tuanze na mbili. Kanga ya kwanza ni ya kujifunga, kifuani au kiunoni. Ya pili ni ya kujitanda, kuanzia kichwani hadi mabegani. Moja peke yake humwacha mtu nusu amesitirika. Zikiwa pamoja, mwanamke ametimia: anaweza kwenda kwa jirani, sokoni au msibani bila kuongeza kitu. Na kwa kuwa hazijashonwa, hazina saizi. Doti ileile humfaa msichana mwembamba, mama mjamzito wa miezi minane na bibi aliyepungua mwili. Gauni likibana limebana, ila kanga huongezwa au kupunguzwa pale inapofungwa.

Hiyo kanga ya pili ndiyo yenye kazi nyingi zaidi. Ikivuliwa kichwani inakuwa mbeleko ya mtoto, ikisokotwa ni ngata ya kuwekea ndoo, ikitandikwa ni shuka. Ni taulo, ni pazia, ni mfuko wa kubebea mahindi kutoka shamba. Mwanamke aliyetoka nyumbani na doti nzima ametoka na vifaa vya siku nzima.

Sasa tuitazame yenyewe. Kanga moja ina urefu wa takriban mita 1.5 na upana wa kama mita 1.1, hivyo doti nzima ni karibu mita 3 za kitambaa. Ina sehemu tatu, na kila moja ina jina lake. Pindo ni ule ukanda unaozunguka pande zote nne. Mji ni uwanja wa katikati wenye nakshi kuu, iwe ni korosho, maua, kuku, nanasi au madoadoa. Sehemu ya tatu ni jina, yaani yale maneno, ambayo hukaa ndani ya kisanduku chembamba chini ya mji, juu kidogo ya pindo la upande mrefu, katikati kabisa ya urefu wa kanga. Pindo ndilo linaloitenga kanga na kitenge. Kitenge ni nakshi inayojirudia bila mpaka, kwa hiyo unakikata popote ukashona unachotaka. Kanga ikikatwa ovyo imeharibika, maana kila kipande kimechorwa kikiwa kitu kamili chenye juu na chini.

Mahali pa jina ndipo penye akili yote. Jaribu kujifunga kanga: unaishika ncha mbili, unaizungusha kutoka nyuma, ncha zinakutana mbele nawe unazichomeka. Katikati ya kanga imeangukia wapi? Mgongoni, chini ya kiuno. Ukijitanda ile ya pili, katikati yake inaangukia mgongoni vilevile. Kwa hiyo anayeyasoma maneno hayo ni yule uliyempa mgongo, aliyebaki nyuma baada ya wewe kupita, na wala si yule mnayetazamana.

Hapo ndipo nguo inapofanya kazi ambayo mdomo hauiwezi. Katika nyumba za Uswahilini watu wanachangia ua, kisima, jiko, pengine hata mume. Kumwambia mtu ukweli usoni ni kuvunja heshima, na kunyamaza nako kunaumiza. Mwenye lake moyoni anavaa kanga yenye *Naogopa simba na meno yake, siogopi mtu kwa maneno yake* na kwenda kuchota maji. Hajataja mtu. Akiulizwa, jibu analo tayari: nimependa rangi. Yule atakayekuja juu kulalamika amejitaja mwenyewe kwamba maneno yamemhusu, na ndiyo maana wengi hawajibu kwa mdomo, bali wanangoja siku mbili tatu wapite na kanga yao. *Hasidi hana sababu* hujibiwa na *Mdhaniaye ndiye kumbe siye*, na majibizano yakaenda wiki nzima bila sauti kupandishwa. Waimbaji wa taarabu hufanya kitu kilekile kwa mipasho, na si ajabu kwamba sanaa hizi mbili zimekua katika pwani moja.

Ni kosa, hata hivyo, kudhani kanga ni vijembe tu. Majina mengi ni ya mapenzi, shukrani, dua na faraja: *Nani kama mama*, *Wema hauozi*, *Japo sipati tamaa sikati*, *Sisi sote abiria dereva ni Mungu*. Mtoto humnunulia mama yake, mume humletea mkewe akitoka safari, shoga humtuza bi harusi. Na hapa ndipo watu hukosea zaidi: wananunua zawadi kwa kutazama rangi. Kabla hujalipa, ikunjue doti yote usome jina, kisha ulisome tena kama atakavyolisoma mpokeaji. Maneno ambayo kwa rafiki yako ni utani, kwa mama mkwe yanaweza kuwa tusi, na ukishayakabidhi huwezi kuyarudisha. Kama huna hakika, chukua la dua au la shukrani.

Nguo hii ilianzaje? Katikati ya karne ya 19, nguo ya kawaida ya wanawake wengi wa Unguja na mwambao ilikuwa merikani, yaani pamba isiyopaushwa iliyoletwa na wafanyabiashara wa Marekani, hasa wa Salem, Massachusetts. Ikitiwa rangi ya nili iliitwa kaniki. Wakati huohuo ziliuzwa leso, vitambaa vya mraba vya rangi ambavyo jina lake limetokana na Kireno, *lenço*. Masimulizi yanayokubalika zaidi yanasema wanawake walinunua leso sita kabla hazijakatwa, wakaziunga safu mbili za tatutatu, ikapatikana nguo moja pana yenye mistari ya mipaka ndani yake. Wafanyabiashara walipoona hivyo, wakaagiza nguo pana iliyochapwa nzima. Zile za mwanzo zilikuwa na madoadoa meupe kama manyoya ya ndege kanga, na jina likaganda. Mombasa na sehemu nyingi za Kenya bado wanaiita leso.

Maneno yalikuja baadaye. Anayetajwa zaidi katika habari hiyo ni Kaderdina Hajee Essak wa Mombasa, aliyefahamika kama Abdulla, ambaye duka lake lilianza mwaka 1887. Alama ya "Mali ya Abdulla" ingali inaonekana kwenye kanga hadi leo. Maneno ya mwanzo yaliandikwa kwa herufi za Kiarabu, kisha zikafuata za Kilatini. Kanga nyingi zilichapwa mbali, Uholanzi, Uingereza, India na baadaye Japani, lakini maneno na nakshi viliagizwa kutoka hapa, kwa kuwa wateja wa pwani walijua wanachotaka na mtindo ukiwachosha hawakununua tena. Baada ya uhuru viwanda vya hapa navyo vikachapa, kikiwamo Urafiki cha Dar es Salaam kilichojengwa kwa msaada wa China.

Upande wa utambulisho nao una uzito wake. Utumwa ulipofutwa kisheria Zanzibar mwaka 1897, wanawake waliokuwa watumwa walikuwa wamezoea merikani na kaniki, nguo zilizowatangaza hali yao kabla hawajafungua mdomo. Wengi walichofanya mapema ni kutafuta kanga. Rangi na nakshi zilisema: mimi ni mwungwana kama wewe. Nguo iliyoweza kusema hivyo bila maandishi haikuhitaji msukumo mkubwa kuanza kubeba maandishi.

Vyama na serikali walilitambua hilo pia. Kanga za uhuru, za kampeni na za sikukuu za taifa zimechapwa kwa miongo mingi, na Barack Obama alipochaguliwa rais wa Marekani mwaka 2008 ilitoka kanga ya kumpongeza. Kanga hizo hazina fumbo, ndiyo maana hazina utamu uleule.

Turudi dukani, kwa anayetaka kununua vizuri. Kwanza hakikisha ni pamba tupu. Chomoa uzi mmoja kwenye ncha iliyokatwa, uuchome. Pamba huungua kwa harufu ya karatasi na kuacha jivu laini. Polista huyeyuka na kuganda punje ngumu. Polista hainyonyi jasho, nayo huteleza, hivyo kanga haikai kiunoni na mbeleko haishiki. Pili, geuza upande wa nyuma: rangi ikiwa imepenya vizuri itadumu. Tatu, tazama kama rangi zimeachana. Kila rangi hupigwa peke yake, na mtambo ukihama kidogo utaona mstari mweupe kando ya kila ua, na herufi za jina zitakuwa na kivuli.

Kutenganisha doti, tumia mkasi, ukifuata mahali mapindo mawili yanapokutana. Usichane kwa mkono. Pamba huchanika kwa kufuata uzi, na kama nakshi ilipigwa upande kidogo, mchano utaingia ndani ya pindo la kanga moja. Pande ndefu zina ukingo wa kiwandani usiofumuka, kwa hiyo fundi hupinda pande fupi tu, kila moja mara mbili kwa kama nusu sentimita. Akipinda zaidi anameza pindo, na kanga inaonekana imepogoka.

Kanga mpya ni ngumu kwa sababu ya wanga wa kiwandani, na ndiyo sababu hufunguka ukiifunga siku ya kwanza. Iloweke kwenye maji baridi peke yake, badilisha maji mpaka yasitoke rangi, kisha uifue kwa sabuni ya kawaida. Kisutu, ile nyekundu, nyeusi na nyeupe inayovaliwa na maharusi, isichanganywe na nguo nyingine katika mafuo ya mwanzo. Anika kivulini, upande wa nyuma ukitazama nje. Anayetaka kushona gauni kwa kanga aifue kabla ya kukata, kwani pamba hunywea na gauni litambana baadaye.

Ikishafuliwa mara nyingi, rangi hupauka na wanga wote huisha. Hapo ndipo kanga huwa laini kuliko siku iliponunuliwa, na ndiyo anayotengewa mtoto mchanga: wajawazito wengi huwekewa kanga kuukuu na mama zao kwa ajili ya siku ya kujifungua. Baadaye zaidi hukatwa nepi, halafu tambara la jikoni, na juu ya tambara hilo utaona bado yamebaki maneno mawili matatu ya lile jina, mengine yakiwa yamekwenda na kipande kingine.