Huo ukuta hauna fangasi, unakunywa maji

Juzi tena. Simu imeingia saa moja asubuhi hata chai sijamaliza, "fundi, ukuta wangu umeingia fangasi, kuna dawa gani ya kuchanganya na rangi?" Nikauliza ni nyeusi au nyeupe, ipo chini au juu, inanuka au hainuki. Kimya. Halafu, "fangasi tu fundi, wale wa kawaida."

Mi napiga lipu na rangi hapa Tanga, Ngamiani, Makorora, Chumbageni, mpaka Raskazone kwa wenye hela zao, na masika ikianza tu mwezi wa tatu hiyo simu lazima ije, ikiingia vuli inakuja tena. Nimechoka kuelezea mmoja mmoja.

Sikilizeni. Ile rangi inayobabuka chini ya ukuta, kuanzia sakafuni mpaka gotini au kiunoni, inafanya mapovu halafu ukiigusa inadondoka na unga mweupe kama sembe, ILE SIO FANGASI. Ni chumvi. Maji yanapanda toka ardhini kupitia tofali kama utambi wa chemli unavyonyonya mafuta, yanabeba chumvi ya udongoni na iliyomo kwenye tofali zenyewe, yakifika usoni mwa ukuta yanakauka yanaenda zake, chumvi inabaki inajijenga punje punje nyuma ya rangi mpaka inaisukuma. Hapo hamna kiumbe hai. Sasa dawa ya fangasi unamuua nani?

Fangasi wa kweli, yani kuvu, ni vidoa vyeusi au vya kijani, wanapenda kona za juu, nyuma ya kabati, kwenye silingi bodi, na wana ule uvundo wa nguo iliyokunjwa mbichi. Ukiwa huna uhakika chovya kidole kwenye maji dondoshea tone, ule weupe ukiyeyuka ukapotea ni chumvi, kuvu haiyeyuki hata uisubiri mpaka magharibi.

Na kwetu huku pwani hali ni mbaya zaidi. Kuna nyumba zimejengwa kwa mchanga wa baharini, zingine zege limekorogwa kwa maji ya kisima yenye munyu. Hiyo chumvi ikishakaa ukutani inavuta unyevu hata wa hewani, ndo maana siku ya mawingu ukuta unatoka jasho na mtu anaapa hamna bomba linalovuja na kweli halivuji. Tanga tunasema waja leo waondoka leo, ila unyevu ukishakuja huo hauna nauli ya kurudi.

Kinachoniuma roho ni rangi ya mafuta. Kuna dada mmoja kapanga chumba na sebule Ngamiani, kapaka mara tatu kwa hela yake mwenyewe, mara ya tatu dukani wakamwambia "chukua ya mafuta dada, hii maji hayapiti." Ni kweli hayapiti! Ndo tatizo lenyewe. Maji yalokuwa yanatokea gotini yanajikaukia, yamezibiwa njia, yakapanda juu zaidi kutafuta pa kutokea, nimefika nakuta rangi ya mafuta inang'aa vizuri mpaka usawa wa dirisha halafu juu yake kuna mstari wa kahawia umezunguka chumba kizima kama mkanda. Kitanda kakivuta katikati ya chumba. Mtoto anakohoa. Ananiuliza, "sasa kaka nipake ya mafuta mpaka juu?"

Sikumjibu, nikatoka nje. Na hapa ndo namwambiaga kila mtu, ugonjwa wa ukuta wa ndani mara nyingi unausoma nje. Nakuta mwenye nyumba kaongeza kibaraza cha zege, kizuri tu cha kukalia jioni, ila kimeinuka kuliko msingi, ile nailoni waloitandaza juu ya msingi kuzuia maji imezikwa humo chini na maji yanairuka yanapitia kibarazani moja kwa moja mpaka kwenye tofali. Pembeni bomba la uani linadondosha toka sijui mwaka gani, chini yake pameota majani ya kijani mazuri kweli. Mikebe mitatu ya rangi imelipiwa na mpangaji na bomba kulifunga ni kubadili washa tu, ile raba ndogo ya ndani ya bomba.

Mficha uchi hazai. Ukiufunika ukuta mbichi kwa rangi, kwa gypsum au kwa tailizi, maji yapo palepale, yanatafuta pa kutokea.

Dawa yake ni hii na najua hamtaipenda. Kwanza katisha maji: bomba, karo, gata, na udongo au zege la nje lishuke angalau sentimita 15 chini ya ile nailoni. Kama nyumba haikuwekewa nailoni kabisa hiyo ni kazi kubwa na ni ya mwenye nyumba, mpangaji usitumbukize hela yako humo. Pili, banja lipu yote ilooza, pita juu ya ule mstari kama nusu mita, maana chumvi imefika mbele kuliko unavyoona. Tatu, subiri. Hesabu ya mafundi ni unene wa inchi moja kwa mwezi, kwahiyo tofali la inchi sita ni kama nusu mwaka. Hapa ndo watu wananikatia simu. Mtu anataka Jumamosi nibanje, Jumapili nipige rangi, Jumatatu aite wageni.

Ukikauka, piga lipu ya chokaa, juu yake chokaa au rangi ya maji ya kawaida isong'aa. Mi kwenye chokaa mtanisamehe, siwezi kunyamaza. Amboni pale mawe ni ya chokaa, mapango yale yote ni chokaa ilokuwa inaliwa na maji, na majumba ya kizamani ya pwani yalijengwa kwa mawe na chokaa yakasimama miaka na miaka kwa sababu ukuta unapumua, unaloa na unakauka. Siku hizi mtu anaichukua nyumba ya babu yake anaibandika sementi ngumu nje na ndani halafu anashangaa mbona inalia.

Mengine mnayoambizana nayapitisha haraka.

"Jik inamaliza fangasi." Kwenye tailizi na kioo sawa. Kwenye lipu inafanya weupe juu, maji yake yanazama ndani yanailisha kuvu, wiki kadhaa hiyo imerudi. Na tafadhali, usiichanganye na asidi ya choo wala siki eti iwe kali, unatengeneza gesi ya klorini ndani ya kibafu kisicho na dirisha.

"Weka bakuli la mkaa kabatini." Chumba kizima kinatoa jasho we unakitegea vipande vitano vya mkaa? Lisogeze kabati kiganja kimoja toka ukutani hewa ipite, utaona tofauti.

"Funga madirisha unyevu usiingie." Na mvuke wa wali, wa kuoga na nguo ulizoanika sebuleni utatokea wapi? Fungua pande mbili hewa ivuke, mvua inayopiga ndani ndo ufunge. Wa Raskazone na AC zenu za nyuzi 16, ukuta unapoa mno na hewa ya moto ya ukumbini ikiugusa inageuka maji. Weka 25.

"Mpangaji mchafu ndo anayeleta." Hii ni ya wenye nyumba. Mama mwenye nyumba, kuvu inataka maji, huyo binti anapiga deki kila siku we paa lako linavuja. Sheria ya Ardhi ya 1999 inasema ukipangisha sehemu ya jengo, paa, kuta za nje na mifereji mikuu ni juu yako, labda mkataba wenu useme vingine.

We mpangaji kabla hujaenda kugombana fanya hivi. Kata nailoni mraba wa kama nusu mita, ibandike sehemu mbichi, solotepu pande zote nne isipitishe hewa, iache siku mbili. Matone yakiwa nyuma, upande wa ukuta, maji yanatoka ukutani na hilo ni la mwenye nyumba. Yakiwa mbele, upande wako, ni hewa ya ndani, hapo anza na dirisha na kamba ya nguo. Halafu chukua penseli, chora mstari pale unyevu ulipoishia, andika na tarehe pembeni, piga picha. Masika ikikolea chora mwingine. Yule dada wa Ngamiani alichora mitatu, mwenye nyumba alipoiona na tarehe zake ndo akaenda kununua washa.