Kupima endometriosisi bila upasuaji: maana yake nini?

Kipimo kisicho cha upasuaji ni kile kinachotoa jibu bila kumfungua mgonjwa: picha, mate, mkojo, damu ya hedhi, au damu ya kawaida inayotolewa kwa sindano. Katika endometriosisi kipimo cha namna hii kinahitajika sana. Ni ugonjwa ambao tishu inayofanana na ukuta wa ndani wa mfuko wa uzazi huota nje ya mfuko huo, kwenye ovari, kwenye utando wa nyonga, hata kwenye utumbo. Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa takriban 10% ya wanawake na wasichana walio katika umri wa kuzaa wanao.

Kwa muda mrefu jibu la uhakika lilitokana na laparoskopia. Mgonjwa hupewa nusukaputi, tumbo hutobolewa matundu madogo, kamera huingizwa, na kipande cha tishu hupelekwa maabara. Wengi hufika hapo baada ya miaka ya kuambiwa kwamba hedhi lazima iume. Huo ni ukatili, hata anayesema akiwa na nia njema.

Ultrasaundi ya kupitia ukeni na MRI, yaani picha za ndani ya mwili zinazopigwa kwa sumaku, huonyesha vizuri uvimbe wa ovari na vidonda vilivyozama ndani. Vidonda vidogo vilivyotanda juu ya utando wa nyonga huzipita kirahisi, na hivyo navyo vinaweza kumlaza mtu kitandani, kwa kuwa ukali wa maumivu haufuati ukubwa wa ugonjwa.

Ndiyo maana watafiti wanasaka alama za ugonjwa katika majimaji ya mwili. Protini iitwayo CA-125 hupanda kwa baadhi ya wagonjwa, lakini hupanda pia kwa saratani ya ovari, kwa ujauzito na hata wakati wa hedhi yenyewe. Nchini Ufaransa kampuni ya Ziwig imetengeneza kipimo cha mate kinachosoma kwa pamoja mikroRNA 109, yaani vipande vidogo vya RNA vinavyosaidia kudhibiti kazi ya jeni. Utafiti wake wa mwaka 2022 ulihusisha wanawake 200, na 153 kati yao walikuwa na ugonjwa.

Uwiano huo unahitaji kuangaliwa kwa makini. Kipimo kilichojaribiwa mahali ambapo wagonjwa ni wengi kuliko wazima kinaweza kubadilika nguvu kikipelekwa kliniki ya kawaida, ambako wengi wanaolalamika wana tatizo jingine. Isitoshe, ili kujua kama kipimo kipya kimesema kweli, hulinganishwa na laparoskopia yenyewe, nayo hutegemea jicho la daktari mpasuaji. Akivikosa vidonda, kipimo kilichovigundua kitahesabiwa kimekosea.

Mwongozo wa ESHRE, jumuiya ya Ulaya ya wataalamu wa uzazi, wa mwaka 2022, hauilazimishi tena laparoskopia kwa kila anayeshukiwa. Dawa za homoni zinaweza kuanzishwa kwa kufuata dalili, na picha iliyotoka safi haitoshi kusema ugonjwa haupo.